Tuko ndani ao tuko inje? Kongo na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikitazamwa kutoka Petite Barrière

Jirani yangu mmoja hapa Birere, mtaa wa Goma, mama wa makamo, alianza kuvuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Rwanda, wakati watoto wake walikuwa bado mgongoni. Akienda Gisenyi, upande wa Rwanda, hubeba mafuta ya mawese, na mara nyingine vitenge viwili vitatu. Akirudi huja na nyanya, vitunguu na maziwa. Siku moja alinikuta nasoma gazeti, akatua kikapu, akaniuliza: "Mwanangu, weye unasomaka. Mu redio wanasema tuliingia mu Afrika Mashariki. Lakini pa barrière mambo ni yale yale. Sasa tuko ndani ao tuko inje?"

Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimwambia, "Tuko ndani, mama," naye akauliza mbona basi anatoa pesa ile ile kwa watu wale wale. Tangu hapo nimeusoma Mkataba, nimesoma itifaki zake, nimewauliza wanaovuka na wanaokagua, na leo ningemjibu kwa urefu zaidi. Kuingia katika Jumuiya si tendo moja. Ni mfululizo wa matendo yanayofanywa na watu tofauti katika miji tofauti, na kila moja lina karatasi yake. Kongo imemaliza yale yanayofanywa na marais na mawaziri. Lile linalofanywa na afisa wa forodha mbele ya kikapu cha mama bado halijafanyika, na katika mji wetu kuna sababu za pekee zinazolizuia.

Hodi na karibu

Tuanze na yale yaliyokwisha. Rais Félix Tshisekedi alipiga hodi kwa barua ya tarehe 8 Juni 2019, hata miezi mitano haijatimia tangu aapishwe. Barua ilielekezwa kwa Paul Kagame wa Rwanda. Hapa Goma watu wakiambiwa hivyo hushtuka, lakini uenyekiti wa Wakuu wa Nchi ni wa zamu, na mwaka ule zamu ilikuwa ya Rwanda.

Jumuiya yenyewe haimpokei kila anayebisha. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, katika ibara yake ya 3, umeweka vipimo: nchi iukubali Mkataba kama ulivyo, ifuate utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu, iwe na cha kuchangia, iwe jirani na yenye kutegemeana na wanachama waliopo, iwe na uchumi wa soko, na sera zake zisigongane na za wenzake. Kwa ujirani Kongo haikuwa na la kuthibitisha. Katika nchi sita zilizokuwa wanachama wakati ule, tunapakana na tano: Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, na Tanzania ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ni Kenya peke yake tusiyogusana nayo.

Kilifuata kimya kirefu, korona ikiwa katikati yake. Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliagiza ukaguzi ufanywe, na katikati ya mwaka huo wataalamu wakaja Kongo. Tarehe 22 Desemba 2021 Wakuu waliipokea ripoti na kuagiza mazungumzo yaanze. Mazungumzo yalifanyika Nairobi Januari 2022. Tarehe 29 Machi Kongo ilikubaliwa, tarehe 8 Aprili Tshisekedi akatia saini Nairobi, na tarehe 11 Julai 2022 hati ya kuridhia ikakabidhiwa kwa Katibu Mkuu huko Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Siku hiyo ndiyo tuliyokuwa wanachama kamili, wa saba kwa idadi.

Miaka mitatu kutoka hodi hadi karibu ni haraka. Sudan Kusini iliomba 2011, ikaingia 2016. Somalia iliomba 2012, ikaingia Machi 2024. Sisi tulifunguliwa mlango upesi kwa sababu wenyeji walitutaka: soko kubwa, madini, na ardhi inayoifikisha Jumuiya kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki. Mabenki ya Kenya yalikuwa yameshaona hivyo. Equity ilikuwa imekwisha kuinunua BCDC, benki ya Kongo, na Desemba 2022 KCB ikainunua TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi. Pesa ilikuwa imepita kabla Mkataba haujakauka wino.

Je, Katiba inaruhusu?

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na linastahili jibu la wazi, maana wengi wanaamini kuwa uhuru wa nchi ulitolewa kinyemela. Katiba yetu ya 2006 ililiona jambo hili mapema. Ibara ya 217 inasema Kongo inaweza kuingia mikataba ya ushirika au ya jumuiya inayohusisha kuachia sehemu ya mamlaka yake, kwa lengo la kukuza umoja wa Afrika. Ibara ya 215 inaupa mkataba uliokamilishwa ipasavyo nguvu kuliko sheria za kawaida. Mkataba wa Jumuiya nao unataka vivyo hivyo: katika mambo yanayouhusu, sheria ya Jumuiya iitangulie ya nchi.

Hapa ndipo mtu wa kawaida anapotezwa. Akisikia kuwa mkataba una nguvu kuliko sheria, anadhani ushuru wa Jumuiya ulianza kutozwa Goma siku hiyo hiyo ya 11 Julai. Haikuwa hivyo. Afisa wa forodha hatozi kwa kusoma mkataba. Anatoza kwa kusoma jedwali la viwango alilopewa na idara yake, na jedwali hilo ni la Kongo, chini ya Kanuni ya Forodha ya Kongo iliyotolewa kwa amri-sheria ya tarehe 20 Agosti 2010. Mpaka Kinshasa ibadilishe jedwali na kanuni, Mkataba unabaki juu na kikapu kinabaki chini, na kati yao hakuna ngazi.

Ngazi nne, na sisi tuko ya ngapi

Mkataba umepanga safari ya hatua nne zinazofuatana: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa sarafu, na mwisho shirikisho la kisiasa. Umoja wa forodha ulianza kufanya kazi 2005. Itifaki ya soko la pamoja ilianza Julai 2010. Itifaki ya sarafu ilitiwa saini Novemba 2013 kwa matumaini ya kuwa na pesa moja ifikapo 2024, na sasa tarehe inayotajwa ni 2031. Kuhusu shirikisho, mwaka 2017 Wakuu waliamua kuanza kwanza na muungano mwepesi zaidi wa nchi zinazobaki na serikali zao, na hata huo bado uko kwenye hatua ya kuandikiwa katiba.

Shirikisho ndilo linalowatisha watu wetu. Neno la kugawanya Kongo halitoki midomoni mwa wanasiasa wa Kivu, na mtu akisikia "serikali moja ya Afrika Mashariki" anaona ramani ikichanwa. Nawaelewa. Lakini katika Mkataba hakuna ibara inayohamisha mpaka hata mmoja, na Wakuu wa Nchi huamua kwa makubaliano ya wote. Kongo ikikataa, shirikisho la Kongo halipo. Anayetaka kujua Jumuiya itabadili nini maishani mwake aiache ngazi ya nne, aitazame ya kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo mbele yetu na hiyo ndiyo ngumu.

Ugumu wake ni huu. Kuna tofauti kubwa kati ya eneo huru la biashara na umoja wa forodha, na wengi huyachanganya. Katika eneo huru la biashara, nchi zinaondoleana ushuru zenyewe kwa zenyewe, lakini kila moja inabaki na kiwango chake kwa bidhaa za kutoka nje. Ndiyo maana nchi moja inaweza kuwa katika maeneo huru mawili au matatu bila kugombana na mtu. Umoja wa forodha ni kitu kingine. Wanachama wote wanamtoza mgeni kiwango kimoja, kana kwamba wana mlango mmoja. Na huwezi kuwa na mlango mmoja na nyumba mbili.

Kongo ina nyumba nyingi. Tuko SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tangu 1997, tuko COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tuko katika jumuiya ya Afrika ya Kati, na pamoja na Rwanda na Burundi tuliunda CEPGL, jumuiya ya uchumi ya Maziwa Makuu, mwaka 1976, yenye makao yake Gisenyi, mwendo wa mguu kutoka hapa nilipo. Ukiwa Goma unaona mashariki ndiko uhai unakotoka. Muulize mfanyabiashara wa Lubumbashi uone. Yeye malori yake yanapanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unga na vipuri vyake vinatoka kusini, na shaba inayolipa mishahara ya mji wake inashuka kupitia Zambia. Anaelewa Kiswahili kama mimi, lakini neno "Afrika Mashariki" kwake ni bandari ya Dar es Salaam tu. Kwake bidhaa ya Afrika Kusini ni ya jirani mwanachama wa SADC. Katika umoja wa forodha wa Arusha, bidhaa hiyo hiyo ni ya mgeni. Tanzania iko SADC na iko Jumuiya, na imelibeba tatizo hili kwa miaka. Kwa hiyo linabebeka. Lakini linahitaji serikali inayokaa chini na kuchagua bidhaa kwa bidhaa, na uchaguzi huo una watakaolia.

Tazama namba zenyewe. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa za nje ulikuwa na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, 25 kwa zilizokamilika. Julai 2022, mwezi ule ule tulioingia, ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, kwa vitu ambavyo kanda inaona inaweza kujitengenezea, vitambaa na nguo vikiwemo. Ngazi kuu za Kongo kwa muda mrefu zimekuwa 5, 10 na 20. Kwa lugha ya sokoni, kuingia kikamilifu kungepunguza bei ya kinachotoka Uganda na Kenya, na kungeweza kupandisha bei ya kinachotoka Guangzhou. Kwa nchi yenye viwanda vingi hiyo ni ngao. Kwa nchi inayonunua karibu kila kitu, sindano mpaka godoro, swali la nani anafaidi si la kupuuzwa. Juu yake ongeza kuwa forodha ni mmoja wa mifuko mitatu mikuu inayoilisha hazina ya Kinshasa. Ukikaa kwenye kiti cha waziri wa fedha, utasita nawe.

Kikapu cha jirani yangu

Sasa turudi barrière na kikapu, kwa sababu sheria za Jumuiya zinaeleweka vizuri zaidi zikipitishwa juu ya vitu vitatu anavyobeba yule mama.

Nyanya zimelimwa Rwanda. Katika umoja wa forodha, mazao yaliyolimwa katika nchi mwanachama hayalipi ushuru wa forodha yakivuka kwenda nchi mwanachama nyingine. Mawese yamekamuliwa Kongo, nayo vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kitenge kina hadithi nyingine. Kama kilichapwa Asia, kikaingia Mombasa, kikauzwa Kampala, kikafika Goma, bado ni cha Asia. Kununuliwa ndani ya Jumuiya hakukifanyi kiwe cha Jumuiya. Hiyo inaitwa kanuni ya asili ya bidhaa, na ndiyo inayowaudhi wengi wanaodhani "soko huru" ni kila kitu kipite bure.

Asili lazima ithibitishwe kwa cheti. Kampuni kubwa ina wakala wa forodha wa kuijazia fomu. Mwanamke mwenye ndoo hana. Kwa ajili yake Jumuiya iliweka utaratibu mwepesi wa biashara ndogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unatosha na cheti chepesi kinachogongwa muhuri palepale mpakani. Hakuna wakala, hakuna safari ya mji mkuu. Nikimwambia jirani yangu kwamba kuna mipaka ya Afrika Mashariki ambako mama kama yeye anatoa karatasi moja na kupita, ananiuliza karatasi hiyo inapatikana wapi. Hilo ndilo swali lenyewe. Bila orodha kutangazwa na kubandikwa, bila afisa kuwa na muhuri na amri ya kuutumia, haki iliyo kwenye Mkataba haina mahali pa kukaa.

Tena ushuru wa forodha si mzigo wake mkubwa. Mzigo ni mikono mingi. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 ilisema waziwazi ni huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa ubora wa bidhaa, na afya. Nne. Kila mtu anayevuka hapa anaijua hesabu hiyo, na kila mtu anajua kuwa kwa miaka zaidi ya 20 aliowakuta mpakani walikuwa zaidi ya wanne, kila mmoja na kidaftari chake, wengine bila hata kidaftari. Nimesimama kwenye foleni ile na kuona mwanamke akitoa vitunguu vitatu kwa huyu, viwili kwa yule, mpaka faida ya siku ikaisha kabla hajafika sokoni. Hapa sina haja ya Arusha. Amri ni ya Kongo, imeandikwa na Wakongo, na kuitekeleza hakuhitaji mkutano wa Wakuu wa Nchi. Ikitekelezwa, ingempunguzia yule mama zaidi kuliko itifaki yoyote.

Mtu anavukaje?

Kuhusu watu, hali ni ya kuchanganya kwa sababu tulikuwa tunavuka kabla ya Jumuiya. Mtu wa Goma aliyekwenda Gisenyi na kurudi jioni hakuhitaji pasipoti. Alipita kwa karatasi za CEPGL au kwa jetoni ya siku. Ruhusa hiyo ni ya ujirani. Itifaki ya soko la pamoja inatoa kitu kipana zaidi: kuingia nchi mwanachama bila viza, kutafuta kazi, kufungua biashara, kuishi. Mambo kadhaa yamesogea. Kenya iliwaondolea Wakongo viza Septemba 2023, na kwa mwanafunzi au mgonjwa anayekwenda Nairobi hilo si dogo.

Lakini kuna kikwazo kinachozungumzwa kidogo, nacho ni kitambulisho. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, tangu 2014, raia wao wasafiri kati yao kwa kadi ya taifa. Mkongo atasafiri kwa kadi gani? Kwa wengi wetu kitambulisho ni kadi ya uchaguzi, iliyotolewa kwa ajili ya kupiga kura na kuruhusiwa kutumika kwa muda kama kitambulisho. Muda huo umekuwa maisha. Nchi isiyowapa watu wake kadi ya uraia inawanyima nusu ya faida ya soko la pamoja, na haki za pale Arusha haziwezi kuziba pengo hilo.

Na ardhi? Hili nataka kulisema polepole, kwa sababu Kivu imelia kwa ajili ya ardhi kwa vizazi. Nimesikia kwenye taksi-moto, msibani, hata mlangoni mwa kanisa, kuwa sasa kila mtu wa Jumuiya anaweza kuja kuchukua shamba Masisi au Rutshuru kwa haki. Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Kwa hiyo sheria ya ardhi ya Kongo ndiyo inayotawala ardhi ya Kongo. Itifaki haimpi mtu uraia pia. Anayekuhofisha kwa Jumuiya juu ya shamba lako anakuficha mahali hatari inapotoka, na hatari imekuwa ikitoka kwenye bunduki, si kwenye itifaki.

Jirani na jirani

Nimefika kwenye sehemu nisiyoweza kuiandika kwa utulivu. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliteka Bunagana, mji wa mpakani ambao barabara ya kwenda Uganda, na kupitia huko Mombasa, inapita. Tarehe 17 Juni askari wa Kongo aliuawa Petite Barrière baada ya kuvuka na kufyatua risasi upande wa Rwanda, na tangu hapo mpaka ukawa unafungwa saa tisa alasiri, wakati zamani ulikuwa wazi mpaka usiku. Siku 24 baadaye Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Ndiyo maana jirani yangu hakuona sherehe. Katika majuma yale yale tuliyoandikwa kuwa ndugu wa soko moja, siku yake ya kazi ilipunguzwa saa nzimanzima.

Mkataba unataja ujirani mwema na kutatua ugomvi kwa amani miongoni mwa misingi yake. Kongo inaishtaki Rwanda kuwasaidia M23, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo katika ripoti zao, Rwanda inakataa. Wote wawili wanakaa meza moja Arusha. Jumuiya ilijaribu. Mazungumzo ya Nairobi yalianza Aprili 2022, Uhuru Kenyatta akiwa msuluhishi. Kikosi cha kanda kilikuja, Wakenya wakitangulia kutua Goma Novemba 2022. Watu wetu walitarajia kipigane, maafisa wake wakasema hawakuja kupigana na M23, mitaa ikaandamana, Kinshasa ikakataa kuongeza muda, na Desemba 2023 wakaondoka. Serikali ikageukia SADC, nyumba yake nyingine. Askari wa SADC walikuja, wakafa hapa, na Machi 2025 nao wakasimamishiwa kazi.

Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 8 Februari Jumuiya na SADC walikutana pamoja Dar es Salaam, jambo lisilokuwa la kawaida. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe majeshi yake. Mwezi Juni makubaliano yalitiwa saini Washington, yakiwa na sura nzima ya uchumi wa pamoja wa kanda. Kwa wanaouliza kwa nini Jumuiya yenyewe haikutoa hukumu, jibu liko kwenye kanuni ile ile niliyoisifu hapo juu: Wakuu huamua kwa makubaliano ya wote. Kanuni inayoizuia Jumuiya kutuburuta kwenye shirikisho ndiyo inayoizuia kumkaripia mwanachama aliyeketi mezani. Sioni namna ya kuichukua nusu moja na kuiacha nyingine.

Leo mji uko mikononi mwa AFC/M23, yaani M23 na muungano wao, na upande wetu wa barrière wao ndio wanaosimamia na kukusanya. Hata kama Kinshasa ingepitisha jedwali la Jumuiya kesho asubuhi, lisingefika kwenye meza ya forodha ya Goma. Mji uliopaswa kuwa mlango wa Kongo kuingia Afrika Mashariki uko nje ya mikono ya serikali iliyotia saini. Naliandika hili kwa uchungu, maana sisi wa Goma tulikuwa Afrika Mashariki kabla ya mkataba wowote, kwa ndoa, kwa lugha na kwa nyanya.

Kutoka, kulipa, kuuliza

Wapo wanaosema tutoke. Mkataba unaruhusu, ibara ya 145: Bunge la taifa liamue kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye kura, kisha itolewe notisi ya maandishi ya miezi 12. Mimi siungi mkono. Tukitoka, Gisenyi haihami, na barabara ya Mombasa haihami. Tutakachopoteza ni kiti cha kusemea. Lakini kiti kina gharama zake. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na miaka yetu ya ugeni imekwisha. Kongo imekuwa na malimbikizo ya michango yake ya kila mwaka, na anayedaiwa husikilizwa kwa sikio moja.

Lugha pekee haitupi shida. Katiba inakitaja Kiswahili katika ibara yake ya 1 miongoni mwa lugha nne za taifa, na Mkataba unakitambua kama lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Mama wa Birere angeweza kusimama mbele ya mtu wa Tanga na wakaelewana, hata kama mmoja anasema "inje" na mwingine "nje".

Kuna Wakongo tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, idadi sawa na ya kila nchi mwanachama. Walichaguliwa na Bunge la Kinshasa, wakaapa Desemba 2022, na muhula wao ni wa miaka mitano. Nilipomweleza jirani yangu kuwa hao wako, na kuwa wanakaa kwa jina lake, alitaka kujua tu wanayo simu ao hawana. Alikuwa na mambo matatu ya kuwauliza: ile karatasi nyepesi ya mizigo midogo itafika lini, orodha ya bidhaa itabandikwa wapi, na ile amri ya huduma nne ni nani aliyeificha.